Mshono wa stenlesi huamuliwa kabla moto haujawashwa

Tanga imerudi kwenye midomo ya watu kwa sababu ya bomba. Tangu Agosti 5, 2017, Marais John Magufuli na Yoweri Museveni walipoweka jiwe la msingi Chongoleani, habari kubwa ya mkoa imekuwa bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima nchini Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, ambalo kilomita 1,147 kati ya hizo zinapita Tanzania. Hilo ni bomba la chuma cha kawaida, lililofunikwa na kupashwa joto ili mafuta yake mazito yasigande njiani. Yapo mabomba mengine, membamba, yasiyozinduliwa na rais yeyote, ambayo riziki ya maelfu ya wafugaji wa Muheza, Korogwe, Lushoto na Pangani hupita ndani yake kila siku. Ni mabomba ya chuma kisichoshika kutu, ambacho karakana zote hukiita stenlesi, na kazi yake ni kuchukua maziwa kutoka kwenye matangi ya kupoozea, kupitia mitambo ya kuchemshia, hadi kwenye mashine za kufungashia. Makala haya yanahusu sentimita chache za mwisho za bomba kama hilo, yaani mdomo wake, mahali linapokutana na bomba jingine ili yachomelewe.

Ninachodai ni kwamba mshono wa stenlesi huwa mzuri au mbaya wakati mdomo wa bomba unapokatwa, unaposawazishwa, unaposafishwa na kuzibwa, kabla tochi haijawashwa. Pwani yetu ina chumvi hewani na mara nyingi hata kwenye maji ya kisima, kwa hiyo uzembe ambao mbali na bahari ungekaa miaka bila kujulikana, hapa hujitokeza upesi. Anayeagiza kazi hiyo, awe mwenye kiwanda, chama cha ushirika au mwenye hoteli, anapaswa kuyalipia maandalizi kama kazi yenye jina na bei yake, na kuyakagua kabla hajaruhusu moto. Mazoea ya sasa ya kulipa kwa idadi ya maungio yanamsukuma fundi aharakishe hatua ile ile ambayo haivumilii haraka.

Tuanze na kile ambacho mteja ananunua. Stenlesi inaitwa hivyo kwa sababu ina kromiamu isiyopungua asilimia 10.5. Aina inayotumika zaidi kwenye vyakula, namba 304, ina kromiamu kama asilimia 18 na nikeli kama 8. Ndugu yake wa namba 316 huongezewa molibdenamu kama asilimia 2 ili istahimili chumvi vizuri zaidi. Kromiamu hiyo, ikikutana na oksijeni ya hewani, hujenga juu ya chuma ngozi nyembamba mno, ya nanomita chache tu, ambayo haionekani kwa macho. Ngozi hiyo ndiyo kinga yote. Ikikwaruzwa hujirudisha yenyewe, mradi mahali pale pawe safi na hewa ifike. Pakiwa na uchafu wa chuma kingine, mafuta, chumvi au magamba ya moto, haijirudishi sawasawa, na hapo kutu hupata mlango. Kwa hiyo mtu aliyelipia stenlesi kwa bei ya juu kuliko chuma cha kawaida amelipia uso. Fundi anayeuharibu uso huo kwenye mdomo wa bomba amempunguzia mteja mali yake, hata kama mshono utaonekana umenyooka.

Uharibifu wa kwanza hutokana na chuma cha kawaida. Karakana nyingi za pwani hutengeneza kila kitu: mageti, vitanda, matela, mabodi ya malori, na siku ikitokea, mabomba ya stenlesi. Grainda ni ile ile, jiwe ni lile lile, brashi ya waya ni ile ile iliyokuwa ikikwangua geti jana. Jiwe lililokata chuma cha kawaida hubeba chembe zake, na likigusa stenlesi huzipigilia ndani ya uso ule kwa kasi na joto. Kwa macho hakuna kinachoonekana, bomba linang'aa. Loanisha sehemu hiyo kwa maji safi na uiache usiku kucha: asubuhi utaona vidoti vya rangi ya kahawia vimejipanga kufuata njia ya jiwe, na huo ndio ukaguzi wa bei rahisi kuliko wote. Kwa upepo wa Tanga, hata maji hayahitajiki, kwa sababu unyevu wa bahari utaifanya kazi hiyo wenyewe. Mwenye bomba atalalamika kwamba ameuziwa stenlesi bandia, kumbe stenlesi ni halali na kilichooza ni ile chembe ya geti.

Dawa yake haihitaji mtambo wa gharama. Inahitaji nidhamu ya vifaa: mawe ya grainda yaliyotengenezwa kwa ajili ya stenlesi, ambayo lebo zake husema hayana chuma, salfa wala klorini, brashi yenye waya wa stenlesi iliyopakwa rangi yake mpini na isiyoazimwa, tupa na msumeno vya peke yake, na meza iliyofunikwa ubao au mpira ili bomba lisilale juu ya chuma. Hata usafiri unaingia humo. Lori lililobeba nondo na mabomba ya stenlesi pamoja kutoka Dar es Salaam limekwisha kuharibu kazi kabla fundi hajaipokea, hasa kama vifuniko vya plastiki vya midomo vimetolewa.

Baada ya kifaa huja mkato. Hapa inafaa kuutazama mdomo wenyewe kwa karibu. Bomba la maziwa la kawaida lina kipenyo cha milimita 51 na ukuta wenye unene wa milimita 1.2 hivi. Mzunguko wake wote ni kama milimita 160. Mkato ukipinda kidogo tu, mabomba mawili yakikutanishwa yatagusana upande mmoja na kuachana upande wa pili. Mwanya wa nusu milimita unaonekana mdogo ukiutaja kwa maneno, lakini kwa ukuta huo ni karibu nusu ya unene wote wa bomba. Kuta hizi nyembamba huchomelewa kwa tochi ya gesi ya agoni bila kuongeza uzi, yaani chuma cha bomba lenyewe huyeyuka na kuungana. Penye mwanya hakuna chuma cha kuyeyuka. Fundi atalazimika kuongeza moto au uzi, na papo hapo upande wa ndani utajaa kilima au shimo. Vivyo hivyo kama mabomba hayakukaa mhimili mmoja: nusu milimita ya kupishana ni ngazi inayozunguka ndani ya bomba zima, na nyuma ya ngazi hiyo maziwa hutulia.

Mkato ulionyooka hauji kwa jicho. Msumeno wa mviringo unaozunguka bomba, au mashine ndogo ya kusawazisha mdomo inayoshikilia bomba kwa ndani, hutoa mdomo uliosimama wima kwa dakika chache. Pasipo na mashine, karatasi nene iliyozungushwa kwenye bomba ikakutana ukingo kwa ukingo hutoa mstari wa kufuata, kisha tupa na skwea hukamilisha. Jambo ambalo fundi mzuri hulipa muda ni vijimiba vya chuma vinavyobaki ndani na nje ya ukingo baada ya kukata. Vya ndani ni hatari zaidi, maana havifikiwi tena baada ya kuchomelea. Ila na hapo pana kipimo: akivikwangua kupita kiasi akauzungusha ukingo, ameupunguza ukuta pale pale unapotakiwa kuyeyuka, na amejitengenezea mwanya mwingine. Ukingo unatakiwa ubaki mkali na safi.

Kwa mabomba mazito, kama ya mvuke, ya kemikali au ya maji yenye shinikizo kubwa, hesabu hubadilika. Ukuta ukizidi milimita 3 hivi, moto hauwezi kuupenya wote kwa mpigo mmoja, kwa hiyo midomo hukatwa mshazari. Desturi ya viwanda vingi duniani ni nyuzi 37.5 kila upande, na kuacha kisigino cha bapa cha kama milimita 1.6 chini ya mshazari ili chuma kisiporomoke ndani. Mwanya nao hupimwa na kuwa sawa kuzunguka bomba lote. Hapa pia stenlesi ina tabia yake. Hupitisha joto kwa kasi ya kama theluthi moja tu ya chuma cha kawaida, na hutanuka kwa joto zaidi yake kwa zaidi ya theluthi. Joto hukaa mahali pamoja na chuma huvutana sana. Fundi aliyezoea chuma cha kawaida akishikiza sehemu mbili halafu akaanza kazi, ataona mwanya wa upande wa pili ukifungika mbele ya macho yake. Stenlesi inataka vishikizo vingi zaidi, vifupi, vinavyowekwa kwa kukabiliana, na kila kimoja kisafishwe kabla mshono haujakipitia.

Usafi ndio sehemu ambayo pwani huuliza maswali magumu zaidi. Tanga mtu anafanya kazi kwa jasho, na jasho lina chumvi. Kidole kilichogusa mdomo wa bomba baada ya kusafishwa kimeacha pale mafuta na kloridi, na moto wa tochi utayachoma yote mawili ndani ya mshono. Upepo wa kusi hutoka baharini ukiwa na chumvi. Bomba lililokaa wazi uani wiki moja limeshapata utando wake. Wakati wa masika, bomba lililotolewa kwenye chumba chenye ubaridi likawekwa kwenye hewa nzito ya unyevu huvaa umande, na unyevu huo hugeuka kuwa vitundu ndani ya mshono. Kwa hiyo mdomo unapaswa kusafishwa nje na ndani, kwa upana wa sentimita 3 hadi 5 kutoka ukingoni, kwa asetoni na kitambaa cheupe kisichotoa nyuzi, mpaka kitambaa kirudi cheupe. Usafishwe siku ile ile ya kuchomelea, na baada ya hapo uguswe kwa glavu safi tu. Dawa za kusafishia zenye klorini, ikiwemo ile ya kung'arishia nguo iliyopo kila duka, zisikaribie kabisa: kloridi ndiyo adui anayetoboa stenlesi kwa vishimo vidogo virefu, na vishimo hivyo huanza kimya kimya mpaka siku bomba linapovuja.

Sasa twende ndani ya bomba, maana huko ndiko hoja yote inakoelemea. Tochi ya agoni huukinga mshono kwa nje. Kwa ndani hakuna anayeukinga, isipokuwa fundi awe amelijaza bomba gesi hiyo kabla. Bila gesi hiyo, chuma kilichoyeyuka hukutana na oksijeni kikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 1,400, kromiamu yake huungua, na upande wa ndani hubaki na donge jeusi lenye chembechembe kama sukari guru iliyoungua sufuriani. Kwa nje mshono unaweza kuwa mzuri wa kupigiwa picha. Kwa ndani kinga imekwisha, na pamebaki mapango. Bakteria mmoja ana ukubwa wa kama mikromita moja, kwa hiyo ufa wenye upana wa sehemu ya kumi ya milimita una nafasi ya bakteria mia moja kujipanga bega kwa bega. Ndiyo sababu viwango vya Ulaya na Marekani vya vifaa vya maziwa vinataka ukwaru wa uso wa ndani usizidi mikromita 0.8. Bomba hilo huoshwa bila kufunguliwa, kwa kuzungusha soda kali yenye joto la nyuzi 70 hadi 80 na kisha asidi. Maji ya kuosha hupita kwa kasi katikati ya bomba. Ndani ya pango hayafiki. Maziwa yaliyochemshwa vizuri hupita hapo na kuchukua mbegu mpya za uharibifu.

Hili lina uzito wa pekee Tanga. Wafugaji wadogo wa mkoa huu walijijengea tangu miaka ya 1990 mfumo wa ushirika ambao maeneo mengi nchini bado yanautamani: vyama vya msingi vyenye vituo vya kukusanyia na kupooza maziwa, umoja wao wa TDCU, na kampuni ya Tanga Fresh iliyozaliwa kwa ushirikiano na Waholanzi. Katika mfumo wa namna hiyo, mfugaji mwenye ng'ombe wawili hulipwa kwa maziwa yaliyopokelewa yakiwa mazima. Maziwa yakiharibika baada ya kuungana na ya wenzake, hasara haina jina la mtu. Mshono mbovu katika kituo chochote cha kukusanyia maziwa ni kodi isiyo na stakabadhi juu ya kila mfugaji anayekitegemea kituo hicho, nayo huendelea kutozwa kila siku mpaka bomba likatwe.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni la gharama. Gesi ya agoni ni ghali, husafirishwa kwa mitungi, na mtungi ukiisha katikati ya kazi kijijini kazi husimama. Kwa nini ijazwe ndani ya bomba, ivuje bure? Tuipige hesabu. Bomba la milimita 51 lenye urefu wa mita 3 lina ujazo wa ndani wa kama lita 5 na nusu. Kuisukuma hewa yote itoke huhitaji gesi ya mara kadhaa ya ujazo huo. Tuseme mara kumi, yaani lita 55. Mtungi wa kawaida wa lita 50 uliojazwa kwa shinikizo la bar 200 hutoa gesi ya kama lita 10,000. Lita 55 ni chini ya asilimia moja ya mtungi. Na fundi aliyefikiri hajazi bomba zima: huweka vizibo viwili, vya sponji au vya karatasi inayoyeyuka kwenye maji, sentimita 15 kila upande wa maungio, na ujazo wa kukinga unashuka hadi nusu lita na ushei. Agoni ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo akiiingizia chini na kuacha tundu la kutokea juu, hewa husukumwa nje taratibu bila kuchanganyika. Gesi inayopotea kweli hupotea kwa mabomba yasiyozibwa, kwa mipira inayovuja na kwa midomo iliyopinda ambayo mwanya wake huimwaga gesi nje. Maandalizi mabaya ndiyo yanayoifanya gesi iwe ghali.

Wapo wanaosema fundi hodari hujaza mwanya wowote, na ushahidi wao ni mafundi wa mitaani ambao kweli wana mkono wa ajabu. Siwabishii juu ya mkono huo. Mtu anayeweza kuchomelea bati jembamba bila kulitoboa amepata kipaji na mazoezi mengi. Lakini tazama anachofanya anapojaza mwanya wa stenlesi: anaongeza joto. Stenlesi ya kawaida ikikaa muda kati ya nyuzi kama 425 na 850, kaboni iliyomo huinyakua kromiamu ya kandokando na kuacha mistari isiyo na kinga pembeni mwa mshono. Aina zenye kaboni ndogo, zisizozidi asilimia 0.03, ambazo huandikwa herufi L baada ya namba, hupunguza tatizo hilo, lakini hazifuti magamba ya moto wala kilima cha ndani. Ustadi wa mkono umetumika kuficha kosa la msumeno. Kipaji kile kingetoa kazi bora zaidi kama kingepewa mdomo ulionyooka.

Wengine hutegemea asidi. Kuna losheni za asidi ya nitriki na hidrofloriki zinazopakwa juu ya mshono zikala magamba na chembe za chuma, na uso ukajijenga upya. Ni dawa ya kweli, na kwa kazi nyingi inatakiwa hata baada ya maandalizi mazuri. Matatizo ni mawili. La kwanza, haifiki ndani ya bomba jembamba lililokwishafungwa ukutani, na hata ikifika haiwezi kuziba pango wala kusawazisha ngazi. La pili ni usalama: asidi ya hidrofloriki hupenya ngozi hadi mfupani, na maumivu yake yanaweza kuchelewa mpaka madhara yawe makubwa. Kuipeleka kwenye karakana isiyo na glavu za kufaa, maji ya kutosha na jeli ya kalsiamu glukoneti ya huduma ya kwanza ni kumhamishia fundi hatari iliyozaliwa na uvivu wa kupiga brashi.

Lazima nikubali kwamba si kila kazi inastahili ukali ule ule. Kishikio cha ngazi kwenye hoteli ya ufukweni Pangani hakipitishi maziwa, na kukijaza agoni kwa ndani ni matumizi yasiyo na maana kama mabomba yake yamefungwa. Kinachotakiwa pale ni vifaa visivyogusa chuma cha kawaida, usafi, na uso wa nje uliolainishwa na kusafishwa magamba, kwa sababu madoa ya kahawia kwenye stenlesi huja zaidi karibu na bahari. Kuchagua namba 316 badala ya 304 kunasaidia pale. Lakini mteja asidhani kwamba kununua namba kubwa ni mbadala wa maandalizi. Molibdenamu haimzuii mtu kupigilia chembe za geti juu yake. Kwenye maji pia kuna kipimo: mwongozo unaotumika sana unaiona 304 kuwa salama kwa maji ya baridi yenye kloridi hadi miligramu 200 hivi kwa lita, na 316 hadi 1,000. Visima vya ukanda wa pwani vinavyoingiliwa na maji ya bahari vinaweza kuvuka hapo, kwa hiyo hata maji ya kupimia uvujaji wa bomba jipya yapimwe kwanza, kisha yamwagwe na bomba likaushwe. Kuyaacha humo wiki mbili yakisubiri sherehe ya uzinduzi ni kulitafuna bomba kabla halijafanya kazi.

Mji wenyewe una historia inayotosha kubeba nidhamu hii. Ujenzi wa reli kutoka Tanga ulianza mwaka 1893, na karakana za reli, mashine za mkonge, na baadaye kiwanda cha mbolea kilichoanza mwaka 1972 na kufungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, vilihitaji vizazi vya mafundi wanaojua kupima kabla ya kukata. Viwanda vilipokufa, ujuzi ulitawanyika mitaani, ukawa wa kazi ya kubahatisha inayolipwa kwa kipande. VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina chuo Tanga, na mahali hapo ndipo mabadiliko yanaweza kuanza kwa gharama ndogo. Mwanafunzi wa kuchomelea hupimwa kwa sura ya mshono wake. Apimwe pia kwa mdomo aliouandaa: mkaguzi aupime kwa skwea, apitishe kitambaa cheupe, aache tone la maji juu yake usiku kucha, na alama zitolewe kabla mashine haijawashwa. Kisha bomba lipasuliwe kwa urefu ili aone upande wa ndani. Kijana aliyeona kwa macho yake donge jeusi ndani ya mshono aliodhani ni mzuri hasahau.

Afya ya fundi nayo imo. Moshi wa kuchomelea uliwekwa mwaka 2017 na shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa katika kundi la visababishi vilivyothibitishwa vya saratani, na stenlesi ina kromiamu ambayo kwenye moshi hugeuka kuwa aina yake yenye sumu zaidi. Mdomo ulioandaliwa vizuri huchomelewa mara moja, kwa moto mdogo. Uliopinda huchomelewa, hukwanguliwa na kurudiwa, na kila marudio ni moshi na vumbi vingine kifuani mwa mtu. Barakoa ya kitambaa haizuii moshi huo.

Mwenye kazi, basi, aandike nini kwenye mkataba? Aandike bei ya maandalizi kwenye mstari wake, mbali na bei ya mshono, ili fundi asilazimike kula muda wake mwenyewe. Aandike kwamba baada ya kushikiza, kazi inasimama mpaka mtu aliyetajwa aangalie mwanya, mhimili na usafi na kutia saini. Adai maungio ya mfano, yaliyochomelewa na fundi yule yule kwa bomba lile lile, yakatwe mbele yake kabla kazi kuu haijaanza, na vipande vyake vibaki ofisini kama kipimo cha maungio mengine yote. Chama cha msingi kinachojenga kituo cha kupooza maziwa hakina mhandisi wa kuajiri, lakini kina mwenyekiti mwenye macho, na rangi ya ndani ya mshono haihitaji shahada kuisoma: fedha au manjano hafifu ni kazi ya kupokelewa, bluu iliyokolea irudishwe isafishwe au irudiwe, kijivu na cheusi, bomba likatwe hapo na midomo iandaliwe upya kwa gharama ya aliyeharakisha.